Taa ya mafuta ikiwaka, usiing'oe: simamisha gari

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu jioni, kazi za nyumba zikiisha,

Leo sitaanza na malaria, wala kuhara kwa watoto. Nitaanza na gari. Mtaniuliza: msaidizi wa muganga anajua nini juu ya motere? Najua kiasi. Shule ya ufundi wa afya ilinifundisha kusikiliza moyo na kupima tansio. Yaliyobaki nilifundishwa na Coccinelle yangu, niliyoinunua ikiwa imekwisha kuzeeka. Na ninyi mnajua, mwenye gari la zamani ni mwuguzi wake kila siku.

Sikilizeni kwanza jambo hili. Katika kambi tuliyokaa zamani nilikuwa na jirani, fundi wa kuunga vyuma, mtu wa bidii. Kazini hakuna aliyemshinda kwa kuvaa miwani na glavu. Gari lake lilikuwa Coccinelle kama langu. Kwanza supape zilianza kulia: ta-ta-ta-ta. Akaongeza sauti ya redio. Halafu taa ya mafuta ikaanza kuwaka na kuzima kila aliposimama njiapanda, motere ikiwa moto. Rafiki mmoja akamwambia, «Taa hiyo inakusumbua bure,» akang'oa waya wake. Jirani akacheka, akasema, «Sasa nimepata amani.»

Usiku mmoja wa mwezi wa saba, baridi kali, bibi yake akashikwa na uchungu wa kuzaa. Wakatoka saa nane ya usiku kwenda hospitali. Katikati ya njia motere ikagonga mara chache, kisha ikakwama kabisa. Bwana akarudi kwa miguu kuniita. Nilipofika kwa pikipiki, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa juu ya kiti cha nyuma, ndani ya blanketi, na mama alikuwa akipoteza damu nyingi. Tulifanya tulivyoweza mpaka lori moja likapita na kutuchukua. Mama yu hai, mtoto yu hai. Watu walisema Mungu amesaidia. Ni kweli. Lakini waya ule haukung'olewa na Mungu.

Ndiyo sababu ninaandika. Ninasema wazi: mtu anayevaa kofia ya chuma mchana, halafu usiku anaendesha gari ambalo dalili zake amezinyamazisha, hajajifunza usalama. Ameuacha langoni pamoja na jeton yake. Kazini nani angethubutu kukata waya wa kengele ya hatari kwa sababu inapiga kelele? Basi kwa nini tunafanya hivyo kwa gari linalobeba watoto wetu?

Taa siyo kipimo

Katika motere, mafuta ni kama damu. Pompi ni moyo. Mafuta yakisukumwa vizuri, chuma hakigusi chuma. Presio ya mafuta ikishuka, kusineti zinasagika, na motere inakufa.

Wengi wanafikiri: «Taa imezima, basi presio ni nzuri.» Hapana. Katika Coccinelle taa hiyo inawaka tu presio ikishuka mpaka kati ya 0,15 na 0,45 bar. Lakini motere ya 1600 yenye moto, ikizunguka mara 2.500 kwa dakika, inapaswa kuwa na presio isiyopungua 2 bar. Tazama umbali uliopo hapo! Taa ikiwaka katika mwendo, mgonjwa amekwisha kuzimia. Kazi yake siyo kukuambia «jihadhari», inakuambia «simama sasa hivi.»

Basi simama pembeni mwa njia, zima motere. Usiseme, «Nitafika tu, zimebaki kilometre mbili.» Kisha fuata taratibu, kama tunavyofanya na mgonjwa: kwanza tazama, halafu pima, mwisho ndipo utoe dawa.

Moja: tazama mkanda wa nyuma. Mkanda huo unazungusha dinamo na pia pangaboi ya kupooza motere. Ukikatika, taa ya dinamo nayo inawaka, motere inaungua, mafuta yanakuwa mepesi kama maji. Bila mkanda usiwashe tena.

Mbili: gari likiwa mahali tambarare, ngoja dakika chache, vuta kijiti cha kupimia mafuta, kipanguse, kirudishe, kivute tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Motere hii inachukua litre mbili na nusu tu. Ikipungua litre moja, umepoteza karibu nusu ya damu yote!

Tatu: nusa kijiti hicho. Mafuta yakinuka esansi, na kiwango kimepanda badala ya kushuka, usifurahi. Huenda ngozi ya ndani ya pompi ya esansi imepasuka, na esansi inaingia chini ndani ya motere. Mafuta kama hayo hayafai. Tengeneza pompi kwanza, ndipo umwage mafuta na kuweka mapya.

Nne: ikiwa kiwango ni kizuri na hakuna harufu, chunguza taa yenyewe. Washa ufunguo bila kuwasha motere: taa inapaswa kuwaka. Isipowaka, taa imekufa, au waya umeng'olewa na rafiki mwema. Ikiwaka, ng'oa waya kwenye kidude chake kilichofungwa katika motere: taa lazima izime. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka mahali na kugusa chuma. Motere haina lawama.

Tano: mwombe fundi afungue kidude kile na kufunga manometa mahali pake. Hii ndiyo tansio ya gari. Muganga hakupi dawa ya tansio kwa kukutazama usoni tu, sivyo? Basi usikubali fundi afungue motere nzima kabla ya kupima presio motere ikiwa na moto.

Presio ikiwa chini kweli, kuna kitu kimoja cha kutazama kabla ya kulia: chini ya motere kuna pistoni ndogo yenye ressort, kazi yake ni kupunguza presio inapozidi. Ikikwama imefunguka, presio inakimbilia huko. Kuisafisha ni kazi ya muda mfupi. Ikiwa hiyo ni nzima, na wavu wa kuchuja mafuta ni safi, hapo ndipo unaweza kushitaki kusineti au pompi.

Wengine wanatia mafuta mazito sana ili taa izime. Ni kama kumpa mwenye homa aspirini na kumrudisha kazini. Homa inashuka, ugonjwa unabaki. Tena asubuhi ya baridi mafuta hayo mazito yanachelewa kufika kwenye kusineti, na huko ndiko kusagika kunakozidi.

Kelele ya supape

Chukua turnavisi ndefu au mti mkavu wa ufagio. Weka ncha moja kwenye motere, nyingine karibu na sikio. Ndiyo stetoskopu yako. Lakini funga kwanza mikono ya shati, ondoa kitambaa shingoni, kaa mbali na mkanda.

Kelele nyepesi, ta-ta-ta, inayotoka chini ya kifuniko cha upande mmoja, ni ya supape ambayo nafasi yake imekuwa kubwa. Ikilia pande zote mbili pamoja na taa kuwaka, usishike supape kwanza: rudi kwenye mafuta. Kishindo kizito, do-do-do, kinachotoka chini kabisa na kuzidi unapopanda mlima, ni cha kusineti. Hapo zima, uvutwe mpaka garaji.

Sasa nitawaambia jambo linaloshangaza wengi. Supape inayolia kidogo siyo ya kuogopwa sana. Ya kuogopwa ni ile iliyonyamaza! Katika motere ya 1600 yenye karburatere, nafasi ya kila supape ni 0,15 mm, nayo inapimwa motere ikiwa baridi kabisa. Kadiri siku zinavyopita, mara nyingi nafasi hiyo inapungua. Ikiisha, supape haifungi vizuri. Moto haupati njia ya kutoka, kichwa chake kinaungua, siku moja kinakatika na kuvunja pistoni. Silinda namba 3 ndiyo yenye sifa hiyo mbaya, kwani katika motere za zamani radiatere ya mafuta imesimama mbele ya upepo wake. Kwa hiyo anayekaza supape zote mpaka zinyamaze hakutengeneza kitu. Amemfunga mgonjwa kinywa.

Pima supape kila kilometre 10.000, badilisha mafuta na kusafisha wavu kila kilometre 5.000. Coccinelle ya kawaida haina filtre ya mafuta. Uchafu wote unatoka siku ya kumwaga tu.

Kelele inayoua watu

Kuna kelele ya tatu, na hii inanihusu mimi kama mtu wa dispensari. Inafanana na supape, lakini ukisikiliza vizuri ni ya pumzi: chi-chi-chi. Ni moshi unaotoka pale bomba linapoungana na motere, au penye tundu. Kumbukeni kwamba katika Coccinelle hewa ya moto inayoingia ndani ya gari inapita kwenye mabomba yale ya moshi. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi baridi inapotubana huku kwetu Katanga, tunafunga vioo na kufungua joto. Bomba likiwa limetoboka, gazi ya oksidi ya kaboni inaingia pamoja na joto hilo. Haina rangi, haina harufu. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, usingizi unakuja. Watoto waliolala nyuma wanaonekana wamelala vizuri, kumbe wanakufa.

Ukiona dalili hizo, fungua milango, toa watu nje kwenye hewa safi, waletwe hospitali upesi. Na usiwashe motere kamwe ndani ya garaji iliyofungwa ili kusikiliza supape. Sikiliza nje.

Mambo mengine matatu, kwa ufupi. Usiingie chini ya gari lililosimama juu ya kriki peke yake. Weka vigogo imara. Mafuta machafu yana vitu vinavyoweza kuleta kansa ya ngozi yakikugusa kila mara: nawa kwa sabuni, usinawe kwa esansi, usitie kitambaa chenye mafuta mfukoni mwa suruali. Na usiyamwage kwenye bustani ya mama, wala karibu na kisima.

«Lakini pesa iko wapi?»

Najua utanijibu hivyo. Mimi pia napokea mshahara kwa tarehe ileile, na mwisho wa mwezi mfuko wangu hauna tofauti na wako. Lakini fanya hesabu. Litre mbili na nusu za mafuta, kipande cha chuma cha kupimia 0,15, ufunguo wa 13 na turnavisi: ndivyo vya kuanzia. Kwa upande mwingine weka motere nzima. Halafu weka bibi na mtoto kwenye kiti cha nyuma, saa nane ya usiku. Upande gani ni ghali?

Tena, kama hujui kufanya, usione haya kuuliza. Katika kila kambi yuko mzee wa garaji ambaye masikio yake yanapita manometa. Mwite Jumamosi, mpe heshima yake, na mtoto wako mkubwa asimame karibu ajifunze.

Wewe mama, usiseme gari ni mambo ya wanaume. Ukiona taa imewaka na bwana anaendelea, mwambie asimame. Ukikaa katika gari ambalo ufunguo ukiwashwa taa ya mafuta haionekani, uliza waya uko wapi.

Jirani yangu alinunua motere nyingine, akalipa miezi mingi. Kitu cha kwanza alichofunga, kabla hata ya mkanda, ni waya wa taa. Mtoto wake sasa anakimbia. Baba yake akiwasha ufunguo, yeye ndiye anayepaza sauti: «Taa iko!» Huyo amekwisha kujifunza usalama.

Dalili ni rafiki. Ukimnyamazisha leo, kesho hatakuita.