Gari Kuukuu na Binti Mcheshi



Vijana wetu wametulalamikia si mara moja kwamba ukurasa huu umezidi ukali. Wasema kuwa kila mwezi twawaonya, twawakanya na kuwakumbusha mauti, wala hatuwaambii hata siku moja ni lipi walifanyalo likatufurahisha. Tumelitazama lalamiko lao kwa insafu, tukaona kuwa lina ukweli ndani yake. Basi mwezi huu twapenda kusema habari ya kicheko. Twataka kuwasimulia senema moja iliyotuchekesha sisi na jamaa zetu, wakubwa kwa wadogo, na habari ya binti aliyeicheza, ambayo ilitunyamazisha baada ya kucheka.

Ilikuwa siku za likizo ya skuli. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alasiri, na hapana aliyeweza kutoka. Tulipokwisha kusali Isha na kula, watoto walitaka kutazama televisheni, na kama ilivyo desturi ya nyumba yenye watu wengi, pakazuka magombano: huyu ataka mpira, yule ataka senema za mapigano. Bibi yao, ambaye aghalabu saa hizo huwa amekwisha kulala, akasema kutoka pale kitandani kwake: "Nitafutieni ile ya gari bovu. Ile ya Madhubala."

Watoto hawakumjua Madhubala ni nani. Waliitafuta senema hiyo kwa jina tulilowapa, wakaipata mara moja, na jambo la kwanza walilonung'unikia ni kwamba haina rangi. Bibi akawaambia wastahamili dakika kumi tu, na baada ya dakika kumi asiyependa na aende akalale. Hapana aliyekwenda kulala.

Senema yenyewe yaitwa Chalti Ka Naam Gaadi, yaani kwa lugha yetu, "Liendalo Ndilo Gari." Ilitolewa Bara Hindi mwaka 1958, na mwongozaji wake ni Satyen Bose. Ni hadithi ya ndugu watatu wenye gereji mjini Bombay, mji uitwao leo Mumbai. Waliocheza ndugu hao ni Ashok Kumar, Anoop Kumar na Kishore Kumar, nao walikuwa ndugu khasa, watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Na labda ndiyo sababu mtazamaji husadiki kila ugomvi wao na kila upatanishi wao. Ndugu mkubwa aliwahi kuvunjwa moyo na mwanamke, akaweka sheria kwamba nyumba yao haitaki wanawake, si kwa mwili wala kwa picha. Wadogo zake humtii mbele ya macho yake, na kisogoni ni mambo mengine.

Basi usiku mmoja wa mvua kubwa, mdogo wao yu peke yake gerejini, anaingia binti aitwaye Renu, ameroa chapachapa, gari lake limeharibika. Kijana anamtengenezea. Anagonga vyuma kwa spana, mgongo wa spana unakuwa ngoma, na kazi ya fundi inageuka wimbo. Binti anakasirika kwa kuchezewa, kisha anazuia kicheko, kisha kicheko kinamshinda. Gari likiisha kupona anaondoka zake, naye amesahau kulipa. Anadaiwa rupia tano na ana kumi na mbili.

Hapa watoto waliuliza: ana ni kitu gani? Bibi akafurahi sana kwa swali hilo. Akawaeleza kuwa rupia moja ilikuwa na ana kumi na sita, na kwamba hata Unguja watu walinunua na kuuza kwa rupia mpaka mwaka 1936, ilipoletwa shilingi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzitumia, ila alimsikia mamake akihesabu kwa ana mpaka uzeeni mwake. "Basi deni lenyewe," akasema, "ni rupia sita kasorobo." Watoto wakaangua kicheko, kwani kijana yule kwa ajili ya rupia sita kasorobo anakwenda kumfuata mdeni wake kwenye tamasha, anafukuzwa mlangoni, anajificha ndani ya gari la binti amngoje, usingizi unamchukua, na anapoamka usiku wa manane anajikuta yumo ndani ya nyumba ya watu wakubwa, akidhaniwa kuwa ni mwizi. Na yote hayo ni kwa kuwa anaogopa kumwambia kakake kwamba alifanya kazi bila ya kulipwa.

Hatutawasimulia yaliyobaki, maana kuna wasomaji ambao hawajaiona. Yatosha kusema kuwa mna tajiri wa uwongo, mna mashindano ya magari ambayo gari kuukuu la ndugu hao laingia bila ya haya, na mna sababu ya kweli iliyomfanya ndugu mkubwa awachukie wanawake, ambayo ikidhihiri huonekana kuwa alimdhulumu mtu asiye na kosa. Kicheko cha senema hiyo hakimdhalilishi maskini, hakimkejeli kilema, wala hakihitaji neno chafu hata moja. Tumeona senema nyingi za siku hizi zenye kujigamba kuwa zachekesha, na ukiondoa matusi ndani yake hubaki kimya kitupu.

Bibi naye alikuwa na yake ya kukumbuka. Zamani hizo, katika miji ya pwani yetu, senema za Kihindi zilijaza watu. Yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, na mama na shangazi na wana wao walikwenda kwa makundi, kanga na buibui zikanukia udi. Yeye alichukuliwa na shangazi yake kwenye Majestic, kule Vuga, naye ni mtoto asiyefika miaka kumi na miwili. Hapakuwa na aliyejua Kihindi sawasawa, lakini kila mtu alilia na kucheka mahali pake. Nyimbo zilirudi nyumbani pamoja na watu, na haikuchukua muda sauti zake zikasikika katika taarabu zetu, zimevishwa maneno ya Kiswahili.

Turejee kwa binti mwenyewe. Uzuri wa Madhubala umesifiwa kwa miaka mingi, na hatuna haja ya kuuongeza. Lakini tulipomtazama usiku ule tuliona kuwa uzuri sio uliotuchekesha. Wako wazuri wengi katika senema ambao kazi yao ni kusimama tu wapigwe picha. Huyu alijua kungoja. Kishore Kumar hurukaruka, hukunja uso, hujiangusha na kuimba kwa sauti yake mwenyewe. Na mwenziwe asiyejua kazi angezimika kando yake kama mshumaa mbele ya jua. Madhubala hashindani naye. Humtazama tu, huinua unyusi mmoja, hugeuka upande kana kwamba hakusikia, na ule ukimya wake ndio unaolifanya neno la mwenziwe lichekeshe. Sauti ya kuimba katika nyimbo zake si yake, ni ya Asha Bhosle. Lakini macho yanayoimba ni yake. Kuchekesha ni ufundi mgumu, na wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

Ilipokaribia mwisho, mmoja katika vijana wetu, mwenye umri wa miaka kumi na saba, akasema kwa mzaha: "Huyu angekuwapo leo, mimi ningempeleka posa." Sote tukacheka. Bibi peke yake hakucheka. Akasema taratibu: "Amekwisha kufa, mjukuu wangu. Na hapo umwonapo anacheka, alikuwa mgonjwa."

Kijana akainamisha kichwa, akasema: "Sikujua, Bibi." Naye akajibiwa: "Ndiyo nakwambia sasa."

Basi hapo tukasimulia tuyajuayo, nasi twayarudia hapa kwa faida ya wote. Jina lake la kuzaliwa ni Mumtaz Jehan Begum, binti wa Kiislamu aliyezaliwa Delhi tarehe 14 Februari, 1933. Baba yake, Ataullah Khan, alipoteza kazi, naye ana watoto wengi wa kulisha. Wakahamia Bombay, na binti akaanza kuigiza angali mtoto. Mwaka 1942 alikwisha kuonekana katika senema iitwayo Basant. Alipofika umri wa miaka kumi na minne alipewa nafasi ya mwanamke mkubwa katika senema ya Neel Kamal, mwaka 1947, na miaka miwili baadaye senema ya Mahal ikalieneza jina lake kila mahali. Katika umri ambao binti zetu huwa bado wanashona sare za skuli, yeye alikuwa akiilisha nyumba nzima.

Naye alikuwa amezaliwa na tundu moyoni, baina ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Mwaka 1954, akiwa kazini mjini Madras, alitapika damu, na habari ikaandikwa magazetini. Alirudi kazini. Senema iliyotuchekesha sisi aliicheza baada ya hapo. Na katika miaka hiyo hiyo alikuwa akicheza Mughal-e-Azam, iliyotolewa mwaka 1960, ambamo huonekana amefungwa minyororo mizito. Mwaka huo huo aliolewa na Kishore Kumar, kijana yule yule wa rupia tano na ana kumi na mbili. Alipelekwa London, lakini madaktari hawakuthubutu kumpasua. Akaishi miaka ya mwisho kitandani, akafariki tarehe 23 Februari, 1969, naye ana miaka thelathini na sita tu.

Hapa pana faida kwa kila mzazi asomaye. Mwaka ule ule wa 1954 ndipo madaktari wa Minnesota, Marekani, walipofaulu kwa mara ya kwanza kuziba tundu la namna hiyo kwa kuufungua moyo wenyewe. Ilikuwa kazi changa na yenye hatari, nayo haikumfaa Mumtaz. Leo mambo yamebadilika. Watoto wenye tundu la moyo hutibiwa hata hapa kwetu, kama vile katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mtoto anayechoka anaponyonya, anayetokwa na jasho na kuhema upesi, asiyeongezeka uzito, au ambaye midomo yake hugeuka buluu, asiambiwe kuwa ana jicho la watu na kuachwa hapo. Aombewe dua, na apelekwe hospitali upesi. Moja halimzuii mwenziwe.

Kijana wetu akatuuliza swali, na swali lenyewe ni la haki: ikiwa ndivyo, je, tulikosa kucheka? Twasema: hasha. Yule binti alifanya kazi ili watu wacheke, na wala hakutaka wamlilie. Bwana Mtume S.A.W. naye alifanya mzaha na masahaba zake, ila hakusema katika mzaha ila kweli. Mtu alipomwomba mnyama wa kupanda, alimwambia kuwa atampa mtoto wa ngamia jike, na yule mtu aliposhangaa atampandaje mtoto, akamkumbusha kuwa kila ngamia ni mtoto wa ngamia jike. Na siku ya Idi, Mahabushi walipocheza kwa mikuki yao, alisimama akimsitiri Bibi Aisha kwa nguo yake mpaka Bibi Aisha mwenyewe akatosheka kutazama. Hakumharakisha. Mume na baba wa leo ajipime kwa kisimamo hicho.

Lakini furaha ina adabu zake. Sala isipitwe kwa ajili ya senema. Mzaha usijengwe juu ya aibu ya mtu. Na jicho lipewe mpaka wake. Katika Sura ya Nur walioanza kuamrishwa kuinamisha macho ni wanaume, kisha ndipo wanawake. Twaona kuwa maana ya amri hiyo haiishi kwenye kope. Mwenye kumtazama mwanamke kama sanamu ya kutamaniwa, asikumbuke kuwa ana baba, ana njaa, ana maumivu na ana roho, huyo hakumwona hata kidogo. Kijana wetu alipoinamisha kichwa usiku ule, ndipo alipoanza kumwona.

Twamalizia kwa jambo moja. Mumtaz Jehan alizikwa katika makaburi ya Waislamu ya Juhu, Bombay, na kaburi lake lilijengwa kwa marumaru yenye maandishi mazuri. Mwaka 2010 marumaru hayo yalivunjwa pamoja na makaburi mengine, kwa kuwa ardhi haikutosha na maiti wapya walihitaji mahali. Miaka miwili kabla yake serikali ya India ilikwisha kutoa stempu ya posta yenye sura yake. Stempu ipo, senema ipo, kaburi halionekani tena.

Senema ilipokwisha, mvua ilikuwa imepungua. Bibi hakuondoka mara moja. Aliinua mikono akamwombea maghufira, na watoto, ambao saa chache nyuma hawakumjua ni nani, wakaitikia amin. Kisha mdogo kuliko wote akauliza kama kesho twaweza kuitazama tena pale gari linapotengenezwa. Bibi akasema: "Inshallah, baada ya kudurusu."