Mpaka Hauponyi

Mwandishi anayetaka kila dereva wa lori apimwe VVU kwa lazima pale mpakani Malaba amesahau kwamba aliyeambukizwa wiki iliyopita bado haonekani kwenye kipimo. Atavuka na cheti safi. Atakayerudishwa ni yule anayejijua, anayemeza ARV kila siku, ambaye virusi vyake vimefubazwa kiasi cha kutomwambukiza mwenziwe kwa ngono. Sasa tunamkinga nani?

Tatizo la dereva huyo ni jingine: kadi yake ya kliniki iko Changamwe, Mombasa, dozi imemwishia Eldoret, na anafika mpakani usiku, kliniki imefungwa. Mpeni dawa za miezi mitatu, hata sita. Kadi ya Mombasa ikubaliwe Tororo, ng'ambo ya mpaka. Asiye na virusi apewe PrEP, dawa ya kukinga maambukizi, na bila kuhojiwa kama mwizi.