Makumbi au udongo? Jibu nililompa mama

Najua nimepotea, ila si mnajua tena mambo ya UE. Nimemaliza juzi, nikalala siku mbili, sasa akili imerudi.

Leo nina la moyoni. Mama kanipigia kutoka Pangani. Kuna jamaa kapita mtaani anawauzia akina mama matofali ya kokopiti, yale makavu ukiyaloweka yanaumuka kama maandazi. Kawaambia udongo umepitwa na wakati, nyanya za kisasa ni kokopiti tu. Mama anataka kukopa kwenye kikoba chao anunue. "Mwanangu, we si ndiye msomi wetu? Nichukue nisichukue?"

Jamani, kokopiti ni nini? Ni ule unga unaobaki ukishachambua nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi! Na nyuma ya jiko la mama kuna lundo la makumbi refu kunizidi, kazi yake kuchomwa na kufuga mbu. Halafu akope pesa anunue makumbi! Nilicheka, baadaye nikasikia uchungu.

Mi na hili si mgeni. Muhula uliopita mimi na rumeti wangu tulipanda nyanya dirishani, kwenye ndoo nne za rangi. Mbili udongo, mbili makumbi niliyobeba kutoka nyumbani. Mlinzi wa hosteli aliona yale majani akaja mbio, akauliza kama ni bangi. Tukamwambia mzee nusa mwenyewe. Akanusa, akacheka, akaomba akumbukwe zikiiva.

Wala sikumlaumu. Ukisoma mtandaoni habari za makumbi na udongo kwa mmea wa ndani ya nyumba, utakutana sana na wakulima wa bangi. Huko kwao wameruhusiwa: Kanada kwa sheria ya 2018 nyumba moja inaweza kuwa na mimea minne, ingawa yapo majimbo yaliyokaza zaidi, na Ujerumani tangu Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa mitatu. Kwetu ni jela, tusidanganyane. Ninachotaka kusema ni kwamba ushauri wao ni wa mtu mwenye taa maalumu, mbolea ya maji ya chupa na kipimo cha uchachu wa maji. Huyo akisema makumbi yanakuza haraka hadanganyi. Makumbi yanashika maji na bado yanaacha hewa, mizizi inajiachia. Lakini hayana chakula! Kila ukimwagilia, au karibu kila mara, unatakiwa utie mbolea. Sisi wenye ndoo moja na boom lisilofika tunaiga nini hapo?

Yaliyotukuta ni haya. Mara ya kwanza nilitumia makumbi bila kuyaosha. Majani yakaungua kingo kama yamepigwa pasi. Kumbe makumbi ya pwani yana chumvi, hasa yale yaliyofukiwa ufukweni ili yaoze yatoe nyuzi za kamba. Ni lazima uyaloweke na kuyasuuza kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe. Hata hapo hujamaliza, maana makumbi yana tabia ya kushikilia kalsiamu na magnesiamu mmea usizipate. Ndiyo maana viwandani yanalowekwa kwenye kalsiamu naitreti kabla ya kuuzwa.

Mara ya pili niliosha vizuri. Wiki tatu nyanya zikapaa, tukawa tunazipiga picha. Ikaja wiki ya mitihani, nani akumbuke mbolea? Majani ya chini yakawa njano, maua yakadondoka. Ndoo za udongo zilikuwa nyuma, fupi, hazina maringo, lakini zilikuwa na samadi ndani. Zikatuvumilia. Nyanya tulizokula zilitoka huko, na mlinzi akapata zake mbili.

Sasa msije mkasema nautetea udongo tu. Kwenye miche udongo ulitutia aibu. Tulisia mbegu ishirini kwenye udongo tuliochota nyuma ya bweni, kinyausi kikapita nazo, vishina vikalala kama vimekatwa na wembe. Ikabaki minne. Kwenye makumbi yaliyooshwa tulisia ishirini, tukapoteza miwili. Na mche haudai mbolea nyingi siku za mwanzo, kwa hiyo umaskini wa makumbi hauumi sana hapo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kitalu makumbi, ndoo udongo. Mche ukifikisha wiki tatu au nne, uhamishie kwenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo ili usigande. Hata hapo weka makumbi kidogo juu, yanatunza unyevu. Mwenye pesa ya mbolea na muda wa kuhudumia kila siku, aende na makumbi matupu, namtakia heri. Lakini mtu asiambiwe udongo umepitwa na wakati wakati anakopeshwa.

Jibu nililompa mama: usikope. Chukua makumbi makavu ya nazi, siyo ya madafu, yatwange kwenye kinu cha zamani, uchekeche, uoshe mara tatu kwa maji ya kisima kisicho na chumvi. Sia trei moja kwanza tuone. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe bibi yako angekuwa hai angekuwa profesa." Bibi alifukia na kutwanga makumbi maisha yake yote, akasokota kamba. Ule unga alikuwa anaumwaga.

Trei ya mama imeota tangu Jumapili. Mnasemaje wadau? Nawasilisha.