Mpaka Usiotajwa Katika Sheria ya Kunasa Simu

Biashara ya miraa pale Kangeta, katika nchi ya Igembe, huendeshwa kwa simu. Miraa hupoteza ladha upesi, hivyo bei sharti ipatanwe kabla gari halijang'oa nanga, na anayejibu simu huenda yuko Eastleigh au Mogadishu. Huyu anaagiza "giza", yule anausifu mzigo kuwa ni "bomba". Giza ni aina ya miraa, wala si kiza cha usiku. Lakini je, afisa anayetega sikio kisirisiri, asiyeijua lugha ya soko, ataandika nini katika daftari lake?

Swali hili si la mzaha. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012, katika sehemu ya 36, ilimtaka afisa wa polisi anayetaka kunasa mawasiliano apate kwanza idhini ya maandishi ya Inspekta Jenerali au ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kisha aombe amri ya Mahakama Kuu. Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni na Mandera, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya vurugu ukumbini. Ndipo ikazaliwa sehemu ya 36A, inayoviruhusu vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano kwa kufuata utaratibu utakaowekwa na Waziri na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Jaji hatajwi kabisa. Mlango wa kwanza haukufungwa. Ulifunguliwa wa pili kando yake, usio na bawabu.

Muungano wa CORD na wenzake walikwenda kortini. Tarehe 23 Februari 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walivifuta vipengele vinane vya marekebisho hayo, kikiwemo kile kilichotaka idadi ya wakimbizi nchini isizidi 150,000. Sehemu ya 36A iliponea. Majaji waliona kwamba hatari ya ugaidi inahalalisha kupunguzwa kwa haki ya faragha.

Kwa heshima zote, mimi sikubaliani nao, na hoja yangu ni ya lugha. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano. Kifungu cha 24 kinakubali haki hiyo iwekewe mipaka, ila kwa sharti: sheria inayofanya hivyo iseme waziwazi ni haki gani inayopunguzwa, kwa namna gani na kwa kiasi gani. Sehemu ya 36A inaitaja haki, kisha inasema tu kwamba itawekewa mipaka. Simu ya nani? Kwa muda gani? Nani atakagua? Kitenzi kipo, kipimo hakipo. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiandika kwamba shamba "lina mpaka" bila kueleza mpaka unapita wapi, mwalimu atamrudishia daftari.

Wapo watakaouliza kama tumesahau Westgate, au wale 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015. Hatujasahau, wengi wao walikuwa wanafunzi. Lakini Uganda nayo ilishambuliwa kwa mabomu mjini Kampala Julai 2010, na Bunge lake likapitisha sheria ya kunasa mawasiliano mwezi uo huo, tena kwa haraka. Hata katika haraka ile, kibali kiliachwa mikononi mwa jaji. Marekani ilikata shauri kama hilo mwaka 1967 katika kesi ya Charles Katz, mcheza kamari aliyenaswa akizungumza katika kibanda cha simu. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito, na wapelelezi walijizuia kadiri walivyoona inafaa. Mahakama ya Juu ikasema kujizuia kwao hakutoshi: walipaswa kwenda kwa hakimu kwanza.

Tiba ni fupi kuliko ugonjwa. Bunge liongeze katika sehemu ya 36A maneno machache tu, "kwa amri ya Mahakama Kuu", na litaje muda ambao amri hiyo itadumu. Wabunge wa Meru, ambao wapiga kura wao hupiga simu Mogadishu kila uchao, wanaweza kuwa wa kwanza kuuleta mswada huo.