Mara 25 au mara 16? Uliza kabla tarehe hazijawekwa

Wasee, leo sina vichekesho. Shangazi yangu alitolewa titi mwaka jana sababu ya saratani, akawekewa implanti. Hiyo implanti tuliichangia ukoo mzima, na michango ya WhatsApp ni stori ya siku nyingine. Baadaye akaambiwa mionzi: mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, Nairobi.

Hizo ni safari 50 za matatu. Tulitoka Machakos saa kumi na moja alfajiri ili tupite Mlolongo kabla jam haijakaza. Mkanda wa kiti ulipita palepale ngozi ilipoungua, kwa hivyo aliweka leso katikati. Mionzi yenyewe? Dakika chache tu.

Nikauliza kama siku zinaweza kupunguzwa. Jibu: "Na implanti, hapana." Woga huo ulikuwa na sababu. Ukipunguza siku, dozi ya kila siku inapanda, na madaktari waliogopa kovu linaloizunguka implanti litakaza, mtu arudishwe kisuni.

Lakini hilo limeshapimwa. Utafiti wa FABREC, Marekani, ulichukua wagonjwa 400 wenye implanti, wengine wakapewa mara 25, wengine mara 16. RT CHARM ukachukua zaidi ya 800 waliojengewa titi. Matokeo ya zote mbili yalitoka 2024: ratiba fupi haikuongeza madhara kwa titi. Mara 25 ni greyi 50, mara 16 ni greyi 42.56. Kila siku inaongezeka kidogo, jumla inapungua.

Sisemi daktari wako hajui kazi. Kuna mgonjwa atakayehitaji zile 25, sawa, lakini aambiwe kwa nini. "Ndivyo tunafanya hapa" si sababu. Na fikiria foleni ya mashine: nafasi 50 zinazoishia kwa wagonjwa wawili zinatosha watatu, na mbili zinabaki. Nani Kenya hii hamjui mtu anayengoja mionzi?

Siku ya 17 ilinyesha, mat ikakwama karibu na Kyumvi, tukakosa nafasi yetu. Tukapangiwa siku nyingine, nauli ikaenda bure. Shangazi hakulalamika, alikunja leso yake akalala. Mimi ndio nilikasirika, na mpaka leo bado.