Mgambo JKT: Handeni ilikuwa na timu Ligi Kuu, mbona haikubaki na kitu?

Kwa misimu minne, kuanzia 2012/13 hadi 2015/16, wilaya ya Handeni ilikuwa na timu kwenye Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Mtoto aliyezaliwa wakati timu hiyo inapanda, leo ukimweleza atadhani unamtania. Ilikuwa ni Mgambo JKT, ambayo wengine walizoea kuiita Mgambo Shooting, timu ya kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa kilichopo Kabuku, mji ambao mabasi ya Dar es Salaam kwenda Tanga na Arusha yanaupita kila siku.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu miaka ya karibuni timu za Ligi Kuu zimekuwa zikinunuliwa, kubadilishwa majina na kuhamishwa mkoa mmoja hadi mwingine. Kwenye vijiwe vya Handeni na Korogwe swali ni lilelile: na sisi lini? Kabla ya kuuliza lini, kuna la kuuliza kwanza: hiyo timu itakuwa ya nani?

Mgambo haikuwahi kuwania ubingwa. Kazi yake ilikuwa kukwepa kushuka daraja, na mara tatu mfululizo iliifanya. Lakini vigogo waliokanyaga Mkwakwani waliijua. Februari 2014 iliifunga Simba bao 1-0. Mwezi uliofuata ikaifunga Yanga 2-1, Yanga iliyokuwa inaikimbiza Azam kileleni. Azam ilichukua ubingwa wake wa kwanza msimu ule bila kupoteza mchezo, Yanga ikaishia nafasi ya pili. Machi 2015 Simba ilirudi Tanga ikapigwa tena, safari hii 2-0. Mshambuliaji Malimi Busungu aling'ara kiasi cha kusajiliwa na Yanga mwaka huohuo. Kwa timu iliyotoka kambini Kabuku, hizo si rekodi za kubeza.

Sasa angalia mechi hizo zilichezwa wapi. Zote Mkwakwani, jijini Tanga. Shabiki wa Chanika alilazimika kusafiri kilomita 54 hadi Mkata, kisha Kabuku, Segera, Hale, Muheza, ndipo aingie Tanga. Akiishakata tiketi ya mpira na kulipa nauli ya kwenda na kurudi, hela ya mbegu imepungua. Wa Korogwe alikuwa na nafuu ya njia, lakini naye alikuwa mgeni pale. Mkwakwani ni nyumbani kwa Coastal Union na African Sports, klabu zenye mashabiki wao wa tangu enzi za ukoloni. Mgambo ilikuwa mpangaji wa tatu kwenye nyumba ya watu wawili. Handeni ilikuwa kwenye jina na kwenye redio, haikuwa kwenye jukwaa.

Halafu kuna suala la umiliki. Msimu wa 2012/13 Ligi Kuu ilikuwa na timu 14, na sita kati ya hizo zilikuwa za majeshi: Mgambo, JKT Ruvu, JKT Oljoro, Ruvu Shooting, Prisons na Polisi Morogoro. Timu ya jeshi ina faida ambazo klabu ya mtaani inaziota tu. Kuna kambi, kuna chakula, kuna uwanja wa mazoezi, kuna nidhamu, na mchezaji aliye askari ana mshahara wake hata kama mlangoni hakuna kiingilio kilichopatikana. Ndiyo maana timu kama Mgambo iliweza kupanda kutoka mahali pasipo na tajiri wala kiwanda kikubwa. Tusiwanyime haki yao hapo.

Ila timu ya taasisi haina wanachama. Haina mkutano mkuu ambapo mzee wa Sindeni anasimama na kuuliza hesabu za msimu. Taasisi ikiona inafaa kuendelea, timu inaendelea. Ikiona nguvu ziende kwingine, zinakwenda, na hakuna wa kumlaumu kwa sababu mali ni yake.

Mei 2016 ikafika siku ambayo watu wa mkoa wa Tanga hawapendi kuikumbuka. Ligi ilikuwa na timu 16 na zilizoshuka ni tatu: Mgambo JKT, African Sports na Coastal Union. Zote tatu za Tanga. Mkoa mzima ulitolewa Ligi Kuu kwa msimu mmoja.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho cha kuangalia. Coastal Union, mabingwa wa mwaka 1988, walirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Julai 2022 walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF dhidi ya Yanga pale Arusha, wakatoka 3-3, mabao yote ya Wagosi wa Kaya yakifungwa na Abdul Suleiman 'Sopu', na wakafungwa kwa penalti. Msimu wa 2023/24 walimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. African Sports wamebaki wakihangaika madaraja ya chini, lakini wapo, na wana watu wao. Mgambo haijarudi. JKT leo inawakilishwa Ligi Kuu na JKT Tanzania, yenye uwanja wake Mbweni, Dar es Salaam. Kwa mwenye mali huo ni mpango wenye akili. Kwa Handeni, hakuna klabu ya wanachama iliyobaki hapa ya kuanza nayo upya.

Yaliyotupata si ya kwetu peke yetu. Ihefu ya Ubaruku, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, angalau ilicheza nyumbani kijijini kwake. Novemba 2022 iliifunga Yanga 2-1 palepale na kuvunja mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga haikuwa imepoteza. Wakulima wa mpunga walishangilia kama wamevuna mara mbili. Mwaka 2024 timu ilihamishiwa Singida, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Nafasi kwenye ligi ilibaki, Mbarali ikabaki na uwanja.

Wako wanaosema huu ndio mwelekeo wa dunia, na wanatolea mfano kriketi ya India, ambako timu za ligi kuu huuzwa kwa mnada kwa makampuni na hakuna kushuka daraja. Mfano mzuri, ila wausimulie wote. Hyderabad ilikuwa na timu iliyoitwa Deccan Chargers, mali ya kampuni ya magazeti. Mwaka 2008 iliburuza mkia. Mwaka 2009 ikawa bingwa. Mwaka 2012 ikafutwa, si kwa sababu ya matokeo uwanjani bali mmiliki alikuwa na matatizo ya fedha. Mji ukapata timu nyingine yenye mwenyewe mwingine na jina jingine, Sunrisers, iliyotwaa ubingwa mwaka 2016. Hyderabad ni jiji la mamilioni ya watu, mnunuzi mwingine alipatikana haraka. Kabuku ingempata nani?

Sheria zetu zinagusa jambo hili kwa upande mmoja tu. Kanuni za mwaka 2017, zilizokuja wakati wa mjadala wa mabadiliko ya Simba, zinataka klabu ya wanachama inapogeuzwa kampuni, wanachama wabaki na hisa zisizopungua asilimia 51. Hiyo ni kinga kwa klabu ambayo tayari ina wanachama. Timu iliyoanzishwa na taasisi au kampuni haina wa kukingwa.

Na fedha zinazidi kuvuta. Mwaka 2021 TFF ilisaini na Azam Media mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 wa haki za matangazo ya televisheni. Nafasi moja ya Ligi Kuu sasa ni mali yenye bei, kwa hiyo tutegemee wanunuzi zaidi, na baadhi watafika hata huku na ahadi zao.

Hata wenye wanachama wana shida ya pa kuchezea. Msimu wa 2024/25 Coastal Union waliikaribisha Simba Arusha, wakati Mkwakwani ikiwa haitumiki. Sharti la uwanja unaokidhi viwango haliangalii umaarufu wa jina. Kwa wilaya zetu hilo ndilo gumu zaidi, kuliko hata kupata wachezaji, maana wachezaji tunao na ndondo za kila msimu zinawaonyesha.

Njia ya kawaida bado iko wazi. Klabu inasajiliwa kwa Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, inacheza ligi ya wilaya, bingwa anakwenda ligi ya mkoa, bingwa wa mkoa anakutana na mabingwa wenzake wa mikoa, kisha First League, kisha Championship tuliyokuwa tukiiita Daraja la Kwanza, ndipo Ligi Kuu. Hata kila mwaka ikipanda ngazi bila kukwama, ni safari ya miaka mingi. Anayekuja na njia ya mkato anaweza kuifupisha hadi mwaka mmoja. Aulizwe hadharani, mbele ya viongozi wa halmashauri na chama cha soka cha wilaya: jina la klabu litaandikwa kwa nani, mechi za nyumbani zitachezwa wilaya gani, na siku akichoka, nafasi hiyo ataiuza kwa nani.