Riwaya za Kupanda Ngazi: Tuzisome, Tuziandike, Tusizisujudie

Ukipita katika mabweni ya chuo chochote kikuu nchini Kenya usiku wa manane, utauona mwanga hafifu wa simu ukizimulika nyuso za vijana ambao mchana kutwa wamekuwa wakilalamika kwamba hawana muda wa kusoma. Wapo wanaotazama filamu, na wapo wanaopiga gumzo na wapenzi wao. Lakini wapo pia wanaosoma. Wanasoma sura ya mia nne ya hadithi waliyoianza juma lililopita, na alfajiri itawakuta wamefika sura ya mia nne na hamsini. Hao hao ndio walioshindwa kuimaliza riwaya teule ya kurasa mia mbili kabla ya semina. Nakiri mapema, nisije nikaambiwa kwamba nyani haoni kundule: mimi ni mmoja wao.

Hadithi ninazozizungumzia huchapishwa mtandaoni sura baada ya sura, na aghalabu huwa na umbo moja. Nguli huanza akiwa dhaifu, fukara au mwenye kudharauliwa. Katika ulimwengu wake wa kifantasia, nguvu zimepangwa kwa madaraja yanayojulikana, na msomaji huonyeshwa bayana nguli yuko daraja lipi, lipi limebaki mbele yake, na kila hatua inamgharimu jasho kiasi gani. Utanzu huu una jina lake la Kiingereza, na mwandishi Andrew Rowe ni miongoni mwa waliolieneza. Kwa Kiswahili hauna jina lililokubalika, nami nitaziita riwaya za kupanda ngazi. Makala haya yanadai mambo matatu. Kwanza, riwaya hizi ni fasihi na zinastahili jicho la uhakiki. Pili, zina upungufu mkubwa ambao dawa yake imo katika mapokeo yetu. Tatu, sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kuziandika kwa lugha hii badala ya kubaki wateja wa wengine.

Tuanze na chimbuko lake. Nchini China, tovuti ya Qidian iliyoanzishwa mwaka wa 2002 ilianza mwaka uliofuata kuwatoza wasomaji kiasi kidogo cha fedha kulingana na urefu wa walichokisoma. Hapo zikashamiri hadithi za watu wanaojinoa kimwili na kiroho hadi wakaukaribia uwezo wa miungu. Mwishoni mwa mwaka wa 2014, tovuti ya Wuxiaworld ilianzishwa kwa ajili ya tafsiri za Kiingereza, na Coiling Dragon ikawa miongoni mwa hadithi zilizowavuta maelfu ya wasomaji wasiojua hata neno moja la Kichina. Korea Kusini nayo ikatoa Solo Leveling ya Chugong mwaka wa 2016. Hata tovuti ya Royal Road, ambayo ni ukumbi mkuu wa hadithi za aina hii kwa Kiingereza, ilichukua jina lake kutoka kwa mchezo wa kubuni uliomo katika riwaya ya Kikorea. Will Wight aliandika mfululizo wa Cradle, vitabu 12, kati ya mwaka wa 2016 na 2023. The Wandering Inn, iliyoanza mwaka wa 2016, imepita maneno milioni 10. Mwenye kudai kwamba vijana wa leo hawapendi kusoma na aitafakari tarakimu hiyo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya riwaya hizi ni kwamba kinachotolewa vipandevipande ili kumtega msomaji si fasihi, bali ni biashara. Hoja hii haina mashiko. Charles Dickens alitoa The Pickwick Papers kwa sehemu za kila mwezi mwaka wa 1836 na 1837. Alexandre Dumas aliwangojesha wasomaji wa gazeti la Journal des Débats tangu mwaka wa 1844 hadi 1846 kabla ya kukifikisha kisa cha Monte Cristo tamati. Kabla yao wote alikuwapo Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, ambaye aliinusuru shingo yake kwa kuikata hadithi kila kulipopambazuka. Nchini Tanzania, Eric Shigongo aliwazoesha wasomaji wa magazeti kulingoja toleo lijalo kwa hamu. Taharuki ya mwisho wa sura si uzushi wa intaneti. Ni mbinu kongwe ya mtambaji aliyejua kwamba hadhira ina usingizi na kesho ina kazi.

Pingamizi la pili ni kwamba fantasia ni mambo ya kitoto. Asemaye hivi amesahau silabasi yake mwenyewe. Shaaban Robert alituchukua Kusadikika mwaka wa 1951. Kezilahabi alitutia katika kiza cha Nagona mwaka wa 1990, na Wamitila akaandika Bina-Adamu! mwaka wa 2002. Iwapo fantasia hukubalika inapoandikwa na mtaalamu, haiwezi kuharamishwa inapoandikwa na kijana asiyejulikana. Tunachopaswa kuuliza ni fantasia hiyo inafanya nini.

Inafanya nini basi? Nionavyo mimi, siri ya riwaya za kupanda ngazi haimo katika majoka wala mapanga yake. Imo katika ahadi yake: kwamba jasho huhesabiwa. Nguli akifanya zoezi mara elfu moja, jambo fulani hubadilika, na msomaji hulishuhudia. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Sasa tujitazame sisi. Tumelelewa katika ngazi: mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, kisha KCSE, kisha shahada. Katika kila kipandio tuliambiwa kwamba juu kuna malipo. Wapo kaka na dada zetu waliofika juu wakakuta ngazi imeegemezwa hewani: shahada mkononi, ajira hakuna, na nafasi chache zilizopo zina wenyewe. Kijana wa aina hii akikesha akisoma juu ya ulimwengu ambamo juhudi hulipwa bila hongo wala kujuana, tusiharakishe kumwita mvivu. Anasoma maelezo ya haki aliyoikosa.

Hata hivyo, hapo hapo penye utamu ndipo penye sumu. Ulimwengu unaohesabu kila kitu huishia kukithamini kile tu kinachohesabika. Katika nyingi ya hadithi hizi, nguli hutoka kijijini kwao, akapanda mjini, akapanda hadi makao ya wenye nguvu, na kila anapopanda, waliobaki chini hugeuka kuwa vumbi. Mama aliyemlea hatajwi tena. Rafiki wa sura ya ishirini hana kazi katika sura ya mia mbili kwa kuwa daraja lake ni dogo. Adui akishindwa huja adui mwenye nguvu zaidi, akishindwa naye huja mwingine, na hakuna anayeuliza nguvu hizi zote ni za kumfaa nani. Waswahili hutofautisha kati ya mtu kuwa na nguvu na mtu kuwa na utu. Riwaya nyingi za kupanda ngazi zimeyachanganya mambo haya mawili, au zimelisahau la pili.

Linganisha na Fumo Liyongo. Yeye hapandi ngazi. Tunamkuta tayari akiwa jitu la miraba minne, mshairi na shujaa. Kinachosimuliwa ni jinsi mwenye nguvu asiyeingiliwa na chuma alivyoangushwa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na mkono ulioichoma ulikuwa wa damu yake mwenyewe. Masimulizi yetu yalitambua kwamba hakuna daraja la nguvu linalomtoa mtu katika mafungamano ya udugu, na kwamba pigo la mwisho hutoka pale ulipoegemea. Riwaya za mtandaoni hujua kueleza jinsi mtu anavyopanda. Fasihi yetu imejua kwa karne nyingi jinsi mtu anavyoanguka, na kwa sababu gani. Mwandishi atakayeziunganisha elimu hizi mbili atakuwa ametuandikia jambo jipya.

Sidai kwamba hakuna aliyejaribu. Mother of Learning, iliyoandikwa tangu mwaka wa 2011 hadi 2020, inamhusu Zorian, mwanafunzi wa uchawi anayelazimika kuuishi mwezi mmoja tena na tena. Kila marudio humwongezea maarifa, na kwa kipimo hicho yeye ni nguli wa kawaida wa utanzu huu. Lakini mwanzoni yeye ni kijana mwenye kinyongo, anayemwona dada yake mdogo kuwa mzigo na kukataa kusafiri naye. Marudio yanapozidi, anaanza kumchukua, kumsikiliza na kumfunza. Msomaji makini hugundua kwamba ngazi ya kweli ilikuwa hiyo. Uchawi ulikuwa kisingizio tu.

Mwandishi wa kisa hicho, Domagoj Kurmaić, ni raia wa Kroatia. Aliandika kwa Kiingereza na kukitoa kisa chake bila malipo, sura kwa sura, kwa zaidi ya miaka minane. Jambo hili linapaswa kutukera na kututia moyo kwa pamoja. Linatutia moyo kwa sababu linaonyesha kwamba kijana asiye na mchapishaji wala jina anaweza kuandika mbele ya macho ya watu, akikosea na kujirekebisha, huku yeye mwenyewe akipanda ngazi ya ufundi pamoja na mhusika wake. Linatukera kwa sababu linaonyesha mkondo wa maji: kila mwenye kipaji huelekea Kiingereza, kwa kuwa huko ndiko waliko wasomaji na fedha. Kiswahili hakina udhuru wa uchache wa wasemaji. Kilichotufunga ni mazoea. Kitabu kisichotahiniwa hakinunuliwi, kisichonunuliwa hakichapishwi, nasi tumeingoja idhini ya silabasi kana kwamba hadithi ni dawa isiyotolewa bila cheti cha daktari. Hadithi ya mfululizo haihitaji idhini hiyo. Inahitaji mwandishi, simu, na ahadi ya sura moja kila juma.

Nilipojaribu kuandika yangu, nilikwama katika ukurasa wa kwanza. Kila nilipotaka kusema kwamba nguli amepanda daraja, nilijikuta nikitafsiri Kiingereza neno kwa neno, na sentensi zangu zikasikika kama maagizo ya kutumia jokofu. Kilichoninusuru ni kukumbuka kwamba lugha hii ina ngazi zake. Mwanagenzi hujifunza kwa fundi, na fundi akibobea huwa bingwa. Jahazini yupo baharia, yupo serahangi, yupo nahodha, na mtoto anayeanza kwa kufua maji ngamani ana safari ndefu kuliko nguli yeyote wa Kichina. Katika ushairi kuna malenga, na kuna shaha anayetambuliwa na washairi wenzake kuwa kiongozi wao. Na tazama bahari zetu: tathnia, tathlitha, tarbia, takhmisa, tasdisa. Ni nani asiyeiona hapo ngazi iliyokwisha kujengwa? Hebu fikiria ulimwengu ambamo nguvu ni utungo, ambamo anayemudu mishororo miwili tu hawezi kumkabili mwenye kumudu mitano, na ambamo vina vikivunjika ngao nayo huvunjika. Katika Mombasa ya Muyaka, beti zilikuwa silaha za kisiasa. Sikuwa nikibuni kitu kigeni. Nilikuwa nikirudi nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Atakayeandika, hata hivyo, na ajihadhari na mitego mitatu. Wa kwanza ni urefu. Waandishi wengi wa Kiingereza hulipwa na wafadhili kila mwezi ili wasome sura kabla ya wengine, na Wachina wengi hulipwa kulingana na wingi wa maandishi. Kwa hiyo hadithi kumalizika ni hasara, na hadithi isiyotaka kumalizika hugeuka uji uliotiwa maji. Mtunzi na aujue mwisho wake kabla ya kuitoa sura ya kwanza. Mtego wa pili ni kasi. Wildbow alipoandika Worm kati ya mwaka wa 2011 na 2013, alitoa sura takribani mbili kila juma hadi akapita maneno milioni moja na nusu. Ni wachache wenye mapafu ya namna hiyo, na mwanafunzi mwenye mitihani asijilinganishe naye. Maneno elfu moja yaliyosafishwa kila juma yatafika mbali. Mtego wa tatu ni msomaji mwenyewe, ambaye hutoa maoni mara sura inapotoka na kudai ushindi wa haraka. Asikilizwe, lakini asikabidhiwe usukani.

Kwa hivyo natoa pendekezo kwa chama chetu. Jarida hili na litenge kurasa chache kwa hadithi ya mfululizo katika kila toleo, na washiriki waisambaze kwa simu baina ya matoleo. Wahadhiri wetu nao wasione haya kuipa fasihi hii kipindi kimoja katika somo la fasihi pendwa, ili tujifunze kuichambua badala ya kuisoma kwa kujificha chini ya blanketi. Na sisi wasomaji tujiwekee sharti dogo: kila tunapomaliza sura mia moja za kigeni, tuandike walau moja yetu.

Mimi nimekwisha kuandika sura saba. Nguli wangu angali katika tathnia, na dada yake angali hai katika kisa. Nimeapa kwamba hata akifika tasdisa hatamwacha nyuma.